Maji ya Bandarini Yanaionea Manowari Yetu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupima Manowari Kuukuu.

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAJI

Nakuandikia nikiwa nahodha wa manowari ambayo wewe na wajumbe wako mmeikagua mara mbili na kuikataa mara mbili. Najua kwamba wewe ni kaka wa mke wangu, lakini katika barua hii hakuna shemeji. Ushemeji nimeuacha nje ya mlango, utaukuta huko ukimaliza kusoma. Naomba radhi kwa mwandiko. Tangu tung'oe milango yote ya ndani ili kupunguza uzito, upepo unapita ofisini kwangu kana kwamba umepanga chumba humo, na karatasi hii nimeikandamiza kwa kibamba kizito kilichobanduka ukutani. Bila hicho kibamba, malalamiko yangu yangekuwa yameshafika baharini kabla hayajafika kwako.

Kwa faida ya wajumbe wapya, nikumbushe kidogo. Mkataba tuliotia saini na wenzetu wa ng'ambo unasema manowari kuukuu zisizidi uzito fulani. Ili tusigombane kuhusu mizani, Kamati ilichora mstari mweupe ubavuni mwa kila meli. Mstari ukionekana juu ya maji, meli imefaulu. Ukizama, imezidi. Meli ikishindwa mara tatu inakatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu. Ukaguzi wa kwanza, mstari wetu ulikuwa chini ya maji kwa kiganja kimoja. Ukaguzi wa pili, kiganja kilekile. Wa tatu ni Alhamisi ijayo, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mizinga. Tulikuwa na mizinga mitatu, Kamati ikataka ubaki mmoja. Tukatii. Tukaondoa miwili ya nyuma, ukabaki wa mbele, na meli ikainama mbele hadi chai ikawa inamwagika vikombe vikiwa mezani. Idara ya Michoro ikaamua mzinga huo uhamishiwe katikati. Ukahamishwa. Sasa meli imekaa sawa, ila mzinga unatazamana na bomba letu wenyewe la moshi, na kwa kadiri ninavyoelewa vita, hilo ndilo tutakalolipiga kwanza. Idara imetengeneza mchoro mwingine ambamo bomba la moshi linalazwa chini wakati wa mapigano. Nimeuliza moshi utapita wapi. Nimejibiwa kwamba swali hilo ni la idara nyingine. Tulipomaliza kazi hiyo tulipaka rangi meli nzima, nje na ndani, maana mgeni alikuwa anakuja.

2. Deraya. Mabamba manene ya chuma yaliyokuwa yakikinga ubavu wetu yametolewa, na mahali pake pamewekwa mbao za plaiwudi. Kwa mbali hutajua. Kwa karibu ni aibu, kwani juzi nimemkuta mpishi akigongomea msumari kwenye ubavu wa manowari kwa kisigino cha kiatu chake, apate mahali pa kutundika aproni. Plaiwudi, kama ujuavyo, inakunywa rangi. Tumeipaka mara nne ndipo ikafanana na chuma. Mstari wenu tumeuheshimu. Mafundi wanauzungushia mkanda wa karatasi ili hata tone moja lisiuguse.

3. Injini. Tulikuwa na mbili, imebaki moja, ile ya kulia. Matokeo yake meli inakwenda kushoto. Si kwamba haiwezi kwenda kulia. Inaweza, ila inabidi izunguke kushoto kwa subira hadi kulia ifike yenyewe. Nimemwandikia nahodha mwenzangu wa ng'ambo kumwomba, endapo nchi zetu zitakosana, ajitahidi kuja kwa upande wa kushoto. Ni muungwana, amekubali.

4. Jiko. Limeondolewa lote, pamoja na sufuria. Chakula kinapikwa nchi kavu na kuletwa kwa mashua, kinafika kimepoa na kimelowa. Cheo cha mpishi hakijafutwa kwa sababu Mkataba unazungumzia vitu, hauzungumzii vyeo, kwa hiyo kila asubuhi mpishi anaripoti kazini na kusimama pale jiko lilipokuwa. Nilimwambia aende nyumbani apumzike. Alinijibu kwa heshima zote kwamba kama mimi ninaongoza manowari isiyo na deraya, yeye hashindwi kupika bila moto. Sikumpa adhabu. Nilirudi ofisini nikakaa.

5. Watu. Siku ya ukaguzi wa pili tuliwapa likizo mabaharia wote wanene. Msimamizi wao, ambaye hajawahi kuugua maisha yake yote, tulimwandikia cheti cha homa. Mpiga ngoma wa bendi amebaki na vijiti tu. Mimi mwenyewe nilinyoa ndevu nilizofuga tangu nilipopandishwa cheo, na dada yako alinipita pale gatini bila kunisalimia. Nilipomwita alishtuka, akasema alidhani ni karani wa forodha. Hilo silisemi kama shemeji. Nalisema kama ushahidi.

6. Usawa. Upande wa pili wa ghuba imetia nanga manowari ya wenzetu wa ng'ambo, ya umri mmoja na yetu, iliyojengwa kwa michoro ileile. Wao wameondoa mzinga mmoja tu. Jiko wanalo, tunasikia harufu. Milango wanayo, tunasikia ikifungwa. Na mstari wao uko juu ya maji, mweupe, unatucheka! Meli yenyewe, Mheshimiwa, inatia huruma kuitazama. Mabaharia wao wanashinda wakining'inia kwenye kamba, wanakwangua mchana kutwa kwa vyuma, na rangi yote imebanduka. Inasimama na kutu yake mbele za watu bila haya. Sisi kwetu kukwangua ni mwiko tangu enzi za waliotutangulia, kwa sababu anayekwangua anatangaza kwamba kuna kutu. Sisi tunapaka juu. Ndiyo maana hao hao wenzetu wameibandika meli yetu jina la Bi Harusi, na kusema kweli jina hilo tumelipenda.

7. Maji. Hapa ndipo penye kiini, naomba usome polepole. Meli tumeipunguza. Ushahidi upo: mizinga, deraya, injini, jiko na milango vimepangwa gatini, na mtu yeyote anaweza kujikwaa navyo. Hata hivyo mstari haujapanda hata kidole kimoja. Kama kosa si la meli, basi wamebaki watuhumiwa wawili, mstari na maji. Mstari umechorwa na Kamati, kwa hiyo hauwezi kukosea. Yamebaki maji.

Ninashuku kwamba maji ya upande wetu yamechoka. Yamebeba meli miaka mingi bila kubadilishwa, na sasa hayana nguvu. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: kwanza, Kamati iyapime maji yetu. Pili, ikithibitika ni dhaifu, tubadilishane na wenzetu, nusu kwa nusu, kwa moyo wa ujirani mwema. Tatu, ikiwa hayo hayawezekani kabla ya Alhamisi, basi Bi Harusi ikaguliwe ikiwa imepandishwa nchi kavu, mahali ambapo mstari utaonekana wote, mwanzo hadi mwisho, na kila mtu ataridhika.

Hapo barua rasmi imeishia. Nilisema ushemeji nimeuacha nje ya mlango, lakini nimekumbuka kwamba milango sina, kwa hiyo nadhani umeshaingia.

Shemeji, niliingia kwenye meli hii nikiwa kijana ambaye hajui upande wa kushika kamba. Humu ndimo nilimosomea barua ya kwanza ya dada yako, nimejificha nyuma ya mzinga ule ule ambao leo unatazama bomba la moshi. Amenitayarishia chumba nyumbani, ameniwekea kitanda kipana na pazia jipya, na kila nikirudi likizo nalala humo macho wazi kwa sababu kitanda hakitikisiki. Anadhani sipendi pazia. Sijui nimweleze vipi. Mnaiita chuma chakavu, nanyi hamjakosea, ila mimi nikifikiria ile misumeno ya moto ikianzia omo, mbele kabisa, na kuja taratibu hadi chumbani kwangu, naogopa. Ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa baharini. Nimekubali Bi Harusi aende kushoto tu. Nimekubali asiwe na jiko wala deraya. Nilichoomba ni abaki akielea, hata kama haelei kwa faida ya mtu yeyote isipokuwa mimi.

Wasalimie wajumbe wote wa Kamati, hasa yule mfupi anayepiga magoti kwenye mashua kuchungulia mstari. Magoti yake tunayakumbuka. Wasalimie mkeo na watoto, na Katibu, na dereva wa Katibu. Mama mkwe umwambie sweta aliyonifumia ni nzuri mno, siku za ukaguzi tu ndipo siivai, kwa sababu ya uzito.

Ni mimi, mtiifu wako ninayezidi kwa kiganja kimoja,

Nahodha wa Bi Harusi.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaandaa bahasha dada yako alipoingia kuniletea chakula cha moto. Alipotaka kuweka bakuli mezani akashika kile kibamba nilichokandamizia karatasi, kikamshinda, akakishika kwa mikono miwili. Akauliza ni jiwe gani hili. Nikamwambia si jiwe, ni rangi tu, imebanduka ukutani. Akakipeleka dirishani akakitazama ubavuni, kina matabaka kama keki, unene wake unazidi kiganja chake. Akaanza kuyasoma: kijivu, kijivu, nyeupe, kijivu, hii kijani ni ya nini? Nikamweleza ni ya mwaka ule stoo walipokosea oda. Nyeupe ni ya yule waziri ambaye hakuja. Na hizi nyingi za juu? Nikasema hizi za juu ni za kaka yako, tabaka kadhaa kila anapokuja kukagua. Akanitazama, kisha akatazama kuta zote nne, dari na sakafu. Halafu akacheka mpaka akakaa chini, na nilipoona machozi sikujua tena kama bado anacheka.

Kwa hiyo malalamiko namba saba nayafuta, na maji nayaomba radhi. Dada yako anasema tuanze kukwangua leo leo, watu wote, hata mpishi, na Alhamisi mstari utakuwa juu. Nadhani yuko sahihi. Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito unaostahili. Lakini shemeji, wewe ni mgeni wetu, na hii huenda ikawa mara yako ya mwisho kuiona Bi Harusi. Siwezi kukupokea ikiwa katika hali ile ya wenzetu. Mafundi wameshaanza tangu mchana, rangi safari hii ni nzuri kuliko zote. Ukija Alhamisi, tafadhali usiegemee ukuta. Itakuwa bado mbichi.