Utando Wangu wa Bariloche

Jumatatu, 6 Mei
Nafasi moja tu ya mkutano wa sayansi kule Bariloche, mji wa theluji! Daktari Zulema, bosi wa maabara, kasema ataipata atakayemwonyesha utando bora Ijumaa. Ni yangu! Nitadondosha lipidi, yaani mafuta safi ya maabara, juu ya maji, molekuli zijipange zenyewe, kichwa majini, mkia hewani. Kazi kwisha. Kikwazo ni Milagros. Kaling'ang'ania beseni la utando utadhani kalirithi kwa bibi yake.

Jumanne, 7 Mei
Nimemwambia Milagros kuna mtu anakata kufuli la baiskeli yake. Katoka mbio! Nimelivamia beseni. Njaa inauma, nimekula criollito zangu, vile vimkate vya mafuta, palepale. Za moto, mafuta ya ng'ombe yakichuruzika vidoleni. Glavu zinateleza, nimezivua. Milagros karudi akihema, kaniita mshenzi. Wivu tu.

Jumatano, 8 Mei
Maajabu! Kabla sijamaliza kudondosha lipidi, shinikizo la utando limeshapaa kwenye kipimo. Utando imara, umejipanga wenyewe. Nimerudia, criollito mkononi. Vilevile! Hakuna kitabu kinachoeleza jambo hili. Nimenunua koti la theluji. Mama kauliza kwenye simu kama ugunduzi una mshahara.

Ijumaa, 10 Mei
Maabara nzima imekusanyika, kibuyu cha chai ya mate kinazunguka mlangoni. Nimeonyesha mchoro wangu. Milagros kaomba, kwa upole wa kutisha, nirudie kwa maji matupu, bila lipidi. Nimecheka. Nimerudia. Shinikizo likapaa vilevile. Daktari Zulema kainama, kanusa beseni, kaniuliza nimekula nini humu. Nikajibu sijala kitu. Akanipangusa makombo kwenye kola.

“Hongera, Bustamante,” kasema. “Umegundua mafuta ya ng'ombe. Kawaambie waokaji, watafurahi.”

Wamecheka mpaka mlinzi kaja kuchungulia. Nafasi kapewa Milagros. Mimi nimepewa kuosha vyombo vya maabara hadi Julai. Imeniuma. Nimelia chooni, kidogo.

Jumatatu, 13 Mei
Naosha. Milagros kaja kunipa pole, kaahidi kuniletea chokoleti. Sijamsikiliza. Kwenye mdomo wa chupa kuna kitu! Utando mwembamba wa sabuni, rangi zinacheza, umejipanga wenyewe bila kuambiwa na mtu! Imekuwaje hakuna aliyewahi kuliona hili? Sijamwambia yeyote. Nimewaandikia waandaaji wa Bariloche waniwekee hotuba ya ufunguzi, haraka, kabla Milagros hajaosha vyombo kwake.