Mji wa Kuku Wanono

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Mwanakombo, mwenye nyumba wetu hapa Temeke, ametangaza uani kwamba mwanawe Jamali anaoa na anahitaji chumba kimoja mwisho wa mwezi. Wapangaji tuko wawili tu: mimi, na Theonest, karani Mhaya mwenye baiskeli na tabia ya kuipangusa mlangoni ili watu waione. Mwanakombo alisema tukubaliane wenyewe nani ahame. Theonest akaendelea kuipangusa baiskeli. Nikajua anangoja nimbembeleze. Thubutu! Nikasema mbele ya wote kwamba mimi nahama kwa hiari yangu. Jiji limenichosha. Naenda mji mdogo wa bara, ambako maisha ni nafuu na mtu mwenye kalamu anaheshimiwa.

Theonest alinipongeza haraka mno.

Zuena, mke wangu, alikuwa akisuka mkeka. Aliuliza ni mji gani. Nikamjibu kwamba mipango mikubwa haiharakishwi. Akasema yeye anataka mambo machache: vyumba viwili, jiko lenye paa, na kisima cha karibu. Tangu tuoane anapika uani, na masika yote mvua inamnyea yeye na chungu chake. Mwezi ukiisha bila hayo, anarudi kwa mama yake, huko Pugu. Hakupandisha sauti. Ndiyo maana niliogopa.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeichambua miji. Kisarawe ni kwetu, kwa hiyo haifai. Ndugu watahamia kwangu kabla sijafungua sanduku. Utete ina mbu na viboko. Morogoro imejaa makarani, nani atanitazama?

Ndipo nikapata njia yangu. Jumamosi nitasimama stesheni ya reli niwatazame abiria wa daraja la tatu wakishuka. Abiria hubeba kuku. Kuku akiwa mnono, kwao chakula ni tele. Chakula kikiwa tele, maisha ni nafuu. Theonest alinisikia kupitia ukuta (hawezi kutosikia, ukuta haufiki darini) akauliza kwa nini nisiwaulize tu watu. Nikamwambia watu hudanganya. Kuku hadanganyi.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimeupata mji! Lugongwe, stesheni ndogo mbele ya Ruvu. Alishuka bwana mmoja na majogoo watatu wanono mpaka miguu yao imepinda. Anaitwa Kasiani, Mnyamwezi. Alisema bibi yake anapangisha nyumba: vyumba viwili, jiko lenye paa, kisima mlangoni. Kodi aliyoitaja nilidhani ni ya kuku mmoja.

Aliniuliza kabila langu. Nikamwambia kwa kujivuna, Mzaramo. Alicheka sana, akanipa mkono mara ya pili, akasema Lugongwe nzima itanipokea kama mfalme. Najua Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara. Lakini utani ni mambo ya shamba na misibani. Mimi ni karani wa ghala la kopra. Navaa tarbushi.

Nilimweleza Zuena habari za jiko. Alitabasamu! Sijamwona akitabasamu hivyo tangu harusi. Nilijisikia mwanamume.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimeacha kazi. Bwana wa ghala hakunizuia, nadhani kwa uchungu. Lugongwe nitakaa barazani niwaandikie watu barua.

Stesheni ya Lugongwe walitupokea watu wengi, Kasiani mbele. Walishangilia: Mzaramo kaja! Wakapokea mizigo yetu wakaondoka nayo kwa nyimbo. Heshima ya ajabu. Nilimnong'oneza Zuena aangalie jinsi kalamu inavyoheshimiwa bara.

Tulipofika nyumbani hakukuwa na mzigo hata mmoja. Kila aliyebeba alikwenda nao kwake.

Nikauliza kulikoni. Kasiani akanivua tarbushi, akaivaa, akasema Wanyamwezi wa hapa hawajapata Mzaramo wa kumchezea tangu yule wa mwisho alipokimbia. Kumbe mji mzima ni Wanyamwezi, watoto na wajukuu wa wapagazi waliochoka njiani wakajenga!

Jumatatu, 17 Agosti

Usiku wa kwanza nililala sakafuni. Mwavuli wangu nimeuona sokoni, unamkinga jua mbuzi. Asubuhi watoto waliniamkia kwa kuuliza kama ni kweli Wazaramo huogopa maji ya kuoga. Wazazi wao walikufa kwa kicheko.

Zuena ananishangaza. Jana alifunga kibwebwe, akaingia nyumba iliyochukua kitanda chetu, akamwambia baba mwenye nyumba: babu yako alikuwa mpagazi wetu, na wewe hujaachishwa kazi, beba! Yule bwana alicheka akajifuta machozi, akakibeba kitanda mpaka kwetu, na kuku juu yake. Jioni Zuena alirudisha sanduku na sufuria kwa njia hiyohiyo. Wanamwita mke wetu. Wanamletea kuni. Bibi mwenye nyumba haondoki jikoni kwake, wanatukanana mchana kutwa na kugawana muhogo.

Alinishauri nami nikawatukane watu, nichukue chochote nikipendacho. Nikamwambia sikusoma mpaka darasa la sita ili niibe kuku wa watu. Akasema si kuiba. Nikasema basi ni utovu wa adabu. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye jiko lake, akaimba.

Alhamisi, 20 Agosti

Leo nimevunja mchezo. Nimewashtaki wote kwa jumbe: tarbushi, mwavuli, meza, kiti na heshima yangu. Jumbe alinisikiliza kwa makini, akiwa amekaa kwenye kiti changu.

Baraza lilikuwa limejaa watu. Jumbe akauliza mara mbili kama nimekasirika kweli, au huu ndio utani wenyewe, kwani kama ni utani basi hajapata kuona mkubwa kama huu. Nikamwambia nimekasirika kweli. Akainuka kitini. Akasema kwamba kwa Wanyamwezi na kwa ndugu zao Wasukuma, Mzaramo ni mtani tangu mababu, lakini mtu akimshtaki mtani wake, utani wake umekwisha. Akaamuru nirudishiwe kila kitu.

Ushindi! Kabla ya magharibi vitu vyote vilikuwa mlangoni, vimefutwa vumbi. Watoto wameniamkia shikamoo bwana karani, mikono nyuma. Hivi ndivyo mji unavyonyooshwa.

Zuena hakula.

Jumamosi, 22 Agosti

Kuna jambo silielewi. Nimekaa barazani na kalamu tangu jana, hajaja mtu. Wananisalimu kwa adabu wanapita. Kuku niliyetaka kununua kapanda bei mbele ya macho yangu. Muuzaji alisema kwa upole kwamba ile ilikuwa bei ya mtani, na hii ndiyo bei ya mgeni.

Mchana bibi mwenye nyumba alikuja na kunipigia magoti kidogo, jambo ambalo hajapata kulifanya. Akasema ananisikitikia, ila kodi ile ilikuwa ya mtani. Kwa bwana karani kodi ni nyingine. Akaitaja. Inaipita ya Temeke!

Nikamwambia Zuena afunge mizigo, mji huu hauna unafuu wowote. Zuena akasema yeye hajamshtaki mtu. Yeye bado ni mtani, na kodi yake ni ileile. Ameshaongea na bibi, nyumba imeandikwa kwa jina lake. Akasema: “Mume wangu, mie kwenye jiko lenye paa sitoki. Wewe ukitaka kukaa, kaa. Ila kamwombe jumbe msamaha, umwambie ulikuwa unatania.”

Nimwombe msamaha mtu aliyekalia kiti changu! Nimempa Zuena mpaka mwisho wa mwezi ajirekebishe.

Jumamosi, 29 Agosti

Temeke, peke yangu. Chumba changu kina Jamali na bibi harusi, wanacheka usiku kucha. Nalala kwa Theonest, chini, kwa sababu upande wa ukutani ni wa baiskeli. Theonest ni mkarimu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Bwana wa ghala amenirudisha kazini, safari hii kufagia.

Leo nilikwenda stesheni. Kasiani akashuka na majogoo wake. Alileta salamu: Zuena anauza vitumbua, paa halivuji, na chumba cha pili hajakipangisha. Zuena alimwagiza aniambie kwamba siku nitakayoweza kuvuliwa tarbushi nikacheka, nirudi nyumbani. Moyo uliniuma. Namtamani Zuena kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nusura nipande treni palepale.

Kasiani akanyoosha mkono, akanivua tarbushi polepole, akaivaa. Akasimama akinitazama, akingoja.

Nilimpokonya! Nikamwambia nitamwita askari. Akasema kwa adabu, samahani bwana karani, akachukua majogoo wake akaondoka bila kugeuka.

Nilibaki pale nimeishika tarbushi mkononi. Ndipo akashuka bwana mwingine, amebeba mabata. Mabata! Sijapata kuona shingo nene kama zile. Kwao ni mji mdogo mbele ya Kilosa, nyumba ni za bure, majiko yote yana paa. Nikimpata Zuena jiko kama hilo, atakuja mwenyewe.

Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimemuuliza kabila kwanza. Si Mnyamwezi. Ni Msukuma. Naye akaniuliza langu. Nilipomwambia, alicheka mpaka akawaweka mabata chini, akanipa mkono mara ya pili. Mtu mwema sana. Jumamosi ijayo nahamia huko.