Bwawa la Friza

Jumatatu, tarehe 9

Watoto wamefika saa tatu asubuhi. Begi moja kila mmoja. Jumapili mama yao anakuja kuwachukua, wanahamia kwenye kazi yake mpya, safari ya ndege mbili. Likizo nyingine ndefu ni mwakani. Mama Bonge aliyasema haya akiwa mlangoni, viatu hakuvua. Nikamwambia hakuna shida. Shida ipo.

Maswali, binti yangu mkubwa, ana miaka saba. Huyo atanikumbuka, kichwa chake ni cha polisi. Tatizo ni mdogo wake, Bonge. Ana minne. Nimekaa nikajiuliza, mimi nakumbuka nini cha nilipokuwa na miaka minne? Hakuna. Hata sura ya baba yangu ya wakati ule sina. Imeniuma, na sikutegemea.

Nimekata shauri. Kidogo husahaulika, kikubwa hakisahauliki. Mjomba wao ana bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, na Bonge tangu afike ni mjomba hivi, mjomba vile. Haya. Nami nitawapa bwawa. Nyuma ya karakana iko friza ya kulala, ndefu kama kitanda. Mwenye bucha aliitelekeza pale mwaka juzi. Nimetengeneza majokofu miaka kumi na tisa. Kinachozuia baridi isitoke kitashindwaje kuzuia maji?

Nimeng'oa mfuniko na kompresa leo leo. Watoto walitaka tukae kwenye kivuli cha shuka zilizoanikwa tule tikiti. Nimewaambia waanze, nakuja. Nilipokwenda nikakuta maganda.

Jumanne, tarehe 10

Kuisugua friza. Bonge akaingia ndani kunisaidia, kwa mswaki wake. Akatoka na kidude cheusi cha raba, akaniambia Baba, shika. Nikamwambia baadaye. Akasema ni kofia. Nikasema kofia nzuri sana, sogea.

Ndoo thelathini na mbili kutoka bombani. Mgongo umekwisha. Nimeingia kubadilisha shati tu, nilipotoka maji yalikuwa yamebaki kimo cha kiganja. Yote yamehamia uani.

Watoto wamekaa katikati ya dimbwi, matope hadi masikioni, wanacheka mpaka Bonge akapata kwikwi. Wananiita Baba njoo, Baba yana joto, njoo ukae. Nimewaambia hilo si bwawa, hilo ni hasara. Bwawa linakuja.

Dada mshonaji, jirani yetu, alichungulia juu ya ukuta na futi yake shingoni. Akasema mganga hajigangi, Baba Bonge. Nimempuuza. Ana wivu, kwake hata beseni halijai.

Jumatano, tarehe 11

Silikoni kwenye viungio vyote. Lazima ikauke saa ishirini na nne, hivyo nikawa sina la kufanya. Nikakaa nao dakika tano. Maswali akauliza kama kule wanakokwenda kuna mafundi wa friji. Nikasema mafundi wako kila mahali. Akauliza basi kwa nini mimi nisiwe mmojawapo wa kule.

Nikajifanya sikusikia. Nikawasha drili, na wala sikuwa na cha kutoboa.

Alhamisi, tarehe 12

Nimejaza tena. Limevuja tena. Nikashuku matundu ya mabomba ya gesi, nikayalehemu yote. Likavuja vilevile. Sijawahi kuaibishwa na friza namna hii.

Dimbwi sasa linafika mlango wa jiko. Maswali amelichora ramani, lina bandari mbili na gereza. Bonge amegeuza ile kofia yake ya raba ikawa chombo cha majini, ndani kaweka sisimizi, anamsukuma polepole kwa kidole. Nikamuuliza abiria anakwenda wapi. Akasema huyo ni Baba, anakuja na sisi.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kutafuta maji yanapotokea, na chombo kilikuwa kinanizibia. Nikamwomba akihamishe. Akakihamisha.

Dada mshonaji ameleta kaptura ya Bonge aliyoipunguza kiuno. Alisimama akawatazama watoto muda mrefu. Kisha akasema wa kwake walipokuwa wadogo alikuwa anashona mchana kutwa ili awape kila kitu, na leo akikaa peke yake anawakumbuka migongo yao tu, walivyokuwa wakitoka kwenda kucheza. Akaniambia nikae chini. Nikamwambia nitakaa Jumamosi, bwawa likishajaa. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumamosi, tarehe 14

Siku ya mwisho kamili. Akili imefunguka. Nitatandika nailoni nzito ndani ya friza nzima, kipande kimoja, bila kiungio. Jana nilizunguka mji mzima kuitafuta, watoto nikawaacha kwa dada mshonaji. Eti waliokota vifungo sakafuni siku nzima, wakavipanga kwa rangi. Bonge alinisimulia kila kifungo. Nilisikiliza kama nusu hivi.

Kuitandika bila mkunjo si mchezo. Nimekata, nimefunga, nimefungua, nimefunga upya. Watoto walikuja kila baada ya muda kuuliza kama tayari. Bado. Tayari? Bado kidogo. Saa kumi niligeuka kutafuta mkasi, nikamkuta Bonge amelala chini miguuni pangu, shavu limeegemea kiatu changu, na dada yake amemfunika shati langu. Maswali akaniambia kwa sauti ya chini nisisogee, nitamwamsha.

Sikusogea. Mguu ukafa ganzi. Nywele zake zilikuwa na harufu ya matope na jua. Ilikuwa robo saa hivi. Nilitamani mkasi muda wote huo.

Jumapili, tarehe 15

Nilianza kubeba ndoo alfajiri. Saa nne bwawa likawa limejaa hadi ukingoni, halidondoshi hata tone. Nikasimama pale nikalia kidogo. Nadhani ni uchovu.

Mama Bonge alikuwa amesema anakuja saa nane. Akaja saa nne na robo, safari imewahishwa. Watoto nimewavalisha mimi mwenyewe baada ya chai, soksi na kila kitu, ili saa nane isitukute hatuko tayari. Nikamwomba dakika kumi tu waogelee. Akalitazama bwawa, akanitazama mimi, akasema kwa upole hawawezi kupanda ndege wamelowa.

Nikambeba Bonge walau alione. Akatia mkono hadi kiwiko. Akasema haya ni ya baridi. Yale mengine yalikuwa na joto.

Maswali alinikumbatia kiunoni, akakataa kuachia mpaka mama yake akamwita mara tatu. Hakuuliza swali hata moja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Gari halijafika kona, nikasikia nailoni inapasuka. Maji yakaniishia yote miguuni. Nilipoinama kuchungulia ndani nikaliona: kwenye kona, nyuma ya kile kidato kilichokuwa kinafunika kompresa, tundu la kutolea maji. Kila friza ya kulala inalo. Mwanafunzi wa wiki moja analijua. Sikulitazama hata siku moja, kwa sababu siku zote huwa limezibwa. Kizibo hakipo. Nimetafuta kila mahali.

Dada mshonaji alikuwa ukutani. Safari hii hakutoa methali yoyote.

Jumatano, tarehe 18

Wamepiga simu. Wamefika salama. Nyumba yangu ni kimya, nasikia hadi friji za wateja zikiwaka na kuzima.

Maswali ameuliza kama dimbwi lipo. Nimemwambia limekauka, nimelifagia, pamekuwa safi kabisa. Akasema sawa, Baba. Akampa mama yake simu.

Mama Bonge amesema mtoto ametoka na kidude cheusi cha raba mfukoni na hataki mtu akiguse. Analala amekishika. Akiulizwa ni nini anasema ni cha bwawa la Baba, na wote wanaokuja pale nyumbani wamesimuliwa habari za tope, na sisimizi aliyesafiri.

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Kizibo changu. Nikamwomba anitumie haraka, kwa kifurushi cha kwanza kitakachopatikana.

Akauliza kama ni kweli nataka anyang'anywe. Nikamweleza kitaalamu kwamba bila kizibo bwawa halijai. Nyuma yake nikamsikia Bonge anaanza kulia. Nikasema aambiwe asilie, akija mwakani atakuta bwawa la friza mbili, kubwa kuliko la mjomba. Atakuwa na miaka mitano. Wa miaka mitano anakumbuka.

Jioni nimepima ua. Friza ya pili itakaa vizuri palepale lilipokuwa dimbwi.