Mwanamke wa Benchi la Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Padre Rénovat anataka picha ya ndani ya kanisa letu la Bwiza kabla halijapakwa rangi. Kanisa tupu, alisema. Moja tu itatundikwa parokiani. Tumeitwa wawili, mimi na Benite. Yeye kasimamisha kamera kwenye miguu mitatu, kila picha kama anachemsha maharage. Alinishauri nami nisubiri: pasipoingia mwanga, kompyuta haitakuwa na cha kufufua. Nikapiga kwa mkono, dakika tano. Wivu tu ule.

Jumanne, 4 Machi

Nimepandisha mwanga kwenye giza la picha. Nguzo zikatokea. Mabenchi. Kisha, benchi la tatu, mwanamke aliyevaa vazi la imvutano, kitambaa chake kimefungwa begani. Jana hapakuwa na mtu. Pontien, mtunza sakristia, alitufungulia mwenyewe. Nikapandisha tena. Picha ikajaa chenga kama mchanga, lakini uso ukazidi kuwa uso. Ananitazama. Nikamfuta, nikahifadhi juu ya picha ya kwanza; nakala nyingine sina.

Jumatano, 5 Machi

Padre kachagua picha ya Benite. Katika picha hiyo benchi la tatu ni tupu. Nimetazama mara mbili. Nikamwambia Pontien nilichokiona. Hakushtuka. Alisema pale ni mahali pa marehemu Dative, aliyeshona vitambaa vya altare; walimzika Januari. Binti yake, Orlane, alikuwa anafagia karibu. Akasogea.

"Kaka Bonfils, mi sina picha ya mama hata moja. Zote ziliungua na nyumba. Unipe hiyo."

Nilipaswa kusema nimeifuta. Nikasema Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata njia. Nimemvika mama mudogo Raïssa imvutano, nimemketisha benchi la tatu saa tisa alasiri, kichwa chini, nikapiga. Gizani kila mwanamke anaweza kuwa mama wa mtu. Alilalamika kwamba anasikia baridi upande mmoja tu. Nikamwambia atulie.

Nyumbani nikapandisha mwanga. Mama mudogo akatokea. Kisha, bega kwa bega naye, yule mwingine. Nilichomoa waya wa kompyuta ukutani. Mama mudogo sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Niliwasha tena kompyuta nimfute mmoja wao, nikaacha. Nikampa Orlane picha kama ilivyo. Aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya chenga za uso wa mama yake. Halafu akauliza: "Na huyu mwenye kusinzia ni nani?" Nikasema muumini. Alilia. Nami nililia, kweli kabisa, hadi nje barabarani.

Nilipofika kona nilikuwa nimeshafikiri. Benite hawezi kupiga picha kama hii. Nimeongea na Valéry wa Kibenga, aliyefiwa na baba mwaka jana, naye picha yake hana. Jumapili tunaanza. Mama mudogo anakataa kuvaa koti la kiume, lakini atakubali.