Kofia ya Kumwamsha Mukalay

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mukalay, kaka wa mke wangu, alisinzia kwenye usukani wa lori juzi, kule mgodi wa Mashamba. Zamu mbili mfululizo. Lori lilisimama hatua tatu kutoka ukingo wa shimo. Mke wangu Mbayo analia tangu siku ile. Mimi si mtu wa kulia. Ni fundi umeme. Tshibangu, fundi mwenzangu, anasema madereva wapewe saa moja ya kulala. Kulala ndio ugonjwa, na yeye anauleta kama dawa!

Jumanne, 5 Machi
Nimemaliza. Kofia, juu yake kikebe cha maziwa, ndani kipira cha chuma. Dereva akiinamisha kichwa, kipira kinagusa nyaya zinazoshuka hadi kwenye honi ya lori, nayo inalia. Shefu wa mgodi amekubali tujaribu. Tshibangu ameuliza kama waya hautamkaba dereva shingo. Wivu.

Jumatano, 6 Machi
Jaribio. Mukalay alikuwa anarudi nyuma taratibu kwenda kupakiwa mawe. Shefu akaja kutazama, akashuka kwenye Land Rover yake. Mukalay ana adabu: akainamisha kichwa kumsalimu. Honi ikalia. Mgodini kwetu honi moja maana yake "mwaga". Mwenye mashine ya kupakia akamwaga mawe. Lori lilikuwa bado halijafika. Land Rover ilikuwepo.
Nimemwandikia shefu barua: kosa ni la adabu, si la kofia.

Alhamisi, 7 Machi
Shefu amenipa nafasi ya mwisho. Nimevaa kofia mwenyewe, nikakaa kando ya Mukalay. Nakumbuka mzunguko wa kwanza. Kazi ya nyaya imeninyima usingizi tangu Jumatatu. Kisha nakumbuka Mukalay akinitikisa bega, na watu wamezunguka lori, wameziba masikio. Wanasema honi ililia dakika ishirini.
"Shemeji," Mukalay akaniambia polepole, "mi nilikuwa macho. Weye njo ulilala."
Shefu akamwita Tshibangu ofisini.

Ijumaa, 8 Machi
Tangazo ukutani: zamu mbili mfululizo marufuku, na kila dereva atapata saa moja ya kulala kibandani. Mbayo amepika kuku. Nilidhani ni wangu. Alikuwa wa Tshibangu. Nimepewa shingo.
Mukalay amelala leo, uso wake umerudi kama zamani. Nimefurahi, kweli. Lakini nani atajua kama wanalala sawasawa mule kibandani? Nimeanza kuchora kengele ya kitanda. Dereva akifumbua jicho kabla ya saa kwisha, inalia. Nadhani honi mbili zitatosha.