Mshika Mlango wa Gari la Fabian

Jumatatu, 15 Desemba 2025

Sijamwambia mtu yeyote. Hata Eva. Hasa Eva. Shokapu za mlango wa nyuma wa gari la Fabian hazikufa zenyewe. Nimezibadilisha mimi. Nzima ziko kwenye tranka langu la shule, nimezifunga ndani ya sketi ya sare. Mbovu ziko kwenye gari.

Shokapu hizo ni vile vyuma viwili vyembamba, mfano wa pampu ya baiskeli, vyenye oili na gesi ndani. Ukiinua mlango, vinausukuma na kuushikilia juu. Vikivuja, mlango unarudi chini kama mtu aliyekata tamaa. Baba mdogo Clemensi, mwenye gereji, ana ndoo nzima ya zilizokufa. Kuzibadilisha si kazi. Bisibisi, klipu chache, na kitu cha kuegemezea mlango. Nilitumia kichwa. Bado kinauma.

Sababu ni hii. Nimemaliza kidato cha nne. Naishi hapa Karatu kwa baba mdogo, nafagia gereji na kuchemsha chai. Kila asubuhi magari ya watalii yanapita kwenda kreta, lile shimo kubwa la wanyama, na mimi sijawahi kushuka. Darasa letu liliposhuka nilikuwa na tetekuwanga. Eva, mtoto wa baba mdogo, alishuka, na mpaka leo hajamaliza kusimulia. Krismasi baba anakuja kunirudisha nyumbani Kansay, kwenye shamba la mbaazi. Ni wiki hii au basi.

Mtu mwingine angemwomba Fabian. Ni dereva wa watalii, tena mwema. Lakini mimi na Fabian hatujawahi kuvuka "shikamoo" na "marahaba". Nikitaka kuongeza neno, miguu huwa imeshaondoka. Kwa hiyo, mpango: mlango hausimami, chakula cha wageni kiko nyuma, lazima apatikane mtu wa kuushika. Mtu mwenye mikono na asiye na shughuli nyingi. Mimi.

Jumanne, 16 Desemba

Fabian alikuja kuchukua gari. Akafungua mlango wa nyuma, ukamshukia begani. Akamuuliza baba mdogo ni kazi gani hii, fundi, si ulisema zitadumu hadi nistaafu? Baba mdogo akajibu kwamba alizikagua mwenyewe Jumamosi, zilikuwa na nguvu ya kuinua ndama. Fabian akasema basi ndama huyo ni wa karatasi. Akasema pia neno "feki".

Baba mdogo akavua kofia. Huwa anaivua kanisani tu. Hakuirudisha kichwani siku nzima.

Alizunguka maduka yote ya vipuri. Za urefu ule hakuna. Ameagiza Arusha, zitakuja na basi Jumamosi. Hapo nikasogea karibu na gari, nimeinua mikono kidogo ili ionekane. Hakuna aliyeiona.

Lembris, mlinzi wetu, ndiye aliyeonekana. Alitoa fimbo yake, akaisimamisha chini ya mlango. Ikatosha sawasawa, kama iliyochongwa kwa ajili hiyo! Fabian akacheka, akamwita injinia, akaondoka na fimbo.

Sikuwa nimefikiria fimbo.

Jumatano, 17 Desemba

Niliwaza namna ya kuipoteza ile fimbo. Nikaogopa. Siku zote Lembris hata akienda chooni huenda nayo.

Ikawa sikuhitaji kufanya chochote. Mchana kutwa Lembris alilinda mikono mitupu, viganja amevificha ndani ya shuka. Vijana wawili kutoka kwao Soitsambu walipita, wakamsalimia, kisha wakamuuliza fimbo iko wapi, ng'ombe wamekwisha au ameajiriwa kuwa mpishi. Mmoja alicheka hadi akakaa juu ya tairi.

Fabian aliporudi jioni, Lembris aliichukua fimbo kabla injini haijazimwa. Akafuta tope, akafuta na mayonezi. Akasema Fabian aje aazime redio, aazime koti, hata kitanda, lakini hii basi. Mwanamume bila fimbo watu humuuliza maswali.

Fabian akasema basi kesho anahitaji mtu.

Nilifungua mdomo. Kabla sijafika kwenye herufi ya kwanza, Eva akaruka kutoka jikoni: "Mimi hapa!"

Alhamisi, 18 Desemba

Eva ameenda. Amevaa koti langu la mvua.

Nilifagia. Nikafagia tena palipofagiliwa. Baba mdogo alikuwa bado anawaza zile shokapu. Akasema ajabu, zina kutu asiyoikumbuka. Akanitazama. Nikatazama ufagio. Akasema labda uzee umeanza, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Hilo nitalifikiria baada ya Krismasi.

Eva alirudi jioni na bandeji kubwa kuliko kidole. Wakati wa chakula, mikono ikiwa juu, mwewe alishuka akachukua paja lake la kuku pale lilipokuwa, mdomoni mwa Eva. Akipaa, ukucha wake ukamparua kidole. Wageni walipiga picha. Anasema harudi kule hata wakimwita kwenye harusi yake mwenyewe. Nilimpa pole nyingi. Koti langu limechanika.

Kisha Fabian akamuuliza baba mdogo, je, yule binti mwingine, yule asiyesema, anaweza kushika mlango kesho?

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikitikisa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ushindi!

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeshuka kreta. Naandika kwa uaminifu kile nilichokiona.

Ukingoni: ukungu. Fabian alinionyesha kiti cha mbele, kitupu, kando yake. Nikaona si heshima mshika mlango kukaa mbele. Nikaenda nyuma kabisa, kwenye masanduku ya chakula. Kutoka pale unaona kasha la barafu vizuri sana. Kioo changu kilikuwa na tope. Niliona nusu ya pundamilia. Nusu ya nyuma.

Mchana tukasimama mahali pa kulia chakula, kando ya bwawa la viboko. Ukungu ukainuka. Nami nikainua mlango. Mwewe walizunguka, nilikuwa nimekula kabla, sina cha kunyang'anywa. Fabian aliinama chini ya mlango kukata mkate. Mama mmoja mgeni akaingiza kichwa kutafuta kachumbari.

Ndipo mtu akanong'ona nyuma yangu: faru.

Faru! Wote wakageuka. Mlango una uzito wa mbuzi mkubwa, na chini yake kulikuwa na Fabian na yule mama, ambao waligeuza shingo tu, vichwa vikabaki palepale. Ningegeuka, ungewashukia. Fabian akaita, "Ana mtoto, Marsela! Wanavuka, tazama!" Nikatazama kachumbari. Nilisikia wageni wakivuta pumzi. Mtu alilia kidogo kwa furaha. Kachumbari ilikuwa na vitunguu vingi.

Sanduku la mwisho lilipofungwa, nikashusha mlango, nikageuka. Nyasi. Nyasi nzuri, ndefu. Yule mama akaelewa, akanishika mkono, akanipa chokoleti.

Njiani kurudi Fabian alinilazimisha kukaa mbele. Giza lilikuwa linaingia na mvua inanyesha. Akasema kiti hiki hukaa kitupu karibu kila safari. Mara nyingi ametaka kunikaribisha, lakini mimi humsalimia na kukimbia, akadhani nachukia magari. Akasema, "Ungesema tu, mwanangu."

Nikamwambia asante. Sasa tumevuka "shikamoo".

Jumamosi, 20 Desemba

Shokapu mpya zimefika kutoka Arusha. Baba mdogo amezifunga, upande mwembamba ukielekea chini, kama inavyotakiwa, ili oili ilowanishe sili, ule mpira wa kuzuia kuvuja. Mlango unapanda wenyewe na kusimama kama askari wa gwaride. Fabian aliufungua na kuufunga mara kadhaa, kisha akamwomba baba mdogo radhi kwa lile neno la Jumanne. Baba mdogo akasema yamekwisha. Akavaa kofia.

Kisha Fabian akatangaza, akinitazama mimi moja kwa moja, kwamba Jumatatu anashuka tena na kiti cha mbele hakina mtu. Anayekitaka amwambie kesho baada ya misa.

Neno ni moja tu: nakitaka. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Eva akauliza kama nina kikohozi.

Jumapili, 21 Desemba

Baada ya misa Fabian alisimama karibu na mlango wa kanisa. Watu wote wakaondoka, yeye akabaki. Nikamwendea. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Akangoja. Mvua ikaanza. Akaendelea kungoja, amelowa mabega. Nikamwambia shikamoo tena.

Akasema haya, mwanangu, akaenda zake.

Nimekaa na kuyatafakari yote kwa makini. Nimeona wapi nilikosea. Nilichagua mlango wa nyuma. Anayeshika mlango wa nyuma hutazama chakula. Lakini boneti ya gari lile nayo ina shokapu mbili, nyembamba zaidi, na kwenye ndoo ya baba mdogo zipo zilizokufa zinazofanana nazo kabisa. Dereva lazima apime oili na maji kila asubuhi, na kule chini injini huchemka. Lazima awepo mtu wa kushika boneti. Na mshika boneti hukaa mbele. Mbele ndiko faru waliko.

Gari liko gerejini hadi alfajiri. Bisibisi iko kwenye soksi. Nilipopita getini Lembris aliniona, akageuza uso na kukumbatia fimbo yake.

Naisikitikia kofia ya baba mdogo.

Wewe unayesoma hapa, tafadhali, usimwambie mtu. Hata Eva. Na kiti kile cha mbele, kwamba nakitaka, usimwambie Fabian. Hasa Fabian.