Mchi wa Mama Mkwe Chini ya Gari

Jumatatu, 1 Juni

Kikao cha kamati ya harusi, Thamesmead, sebuleni kwa dada yangu Jacqueline. Nimedhalilishwa! Tena mbele ya sambusa.

Jumamosi Haika anaolewa, kanisani Woolwich. Haika ni binti wa marehemu kaka yangu Justin. Pale hospitalini Justin alinishika mkono akaniambia, Valentine, siku yake utampeleka wewe. Nikaitikia. Kwa hiyo nitampeleka, na nitampeleka na Kibo, gari langu la porini, nililoliinua inchi tatu kwa mikono yangu na kulivisha matairi ya kushinda tope lolote. London haina tope la maana. Hilo si kosa langu.

Humphrey, mjomba wa bibi harusi, ana Mercedes nyeupe. Akawaambia wajumbe, huku anatabasamu, kwamba jana kina mama watatu walipopanda nyuma ya Kibo, tuta la kwanza tu tairi zilisugua bodi mpaka pakanuka mpira wa kuungua. Ni kweli zilisugua. Lakini ndiyo kusema mbele za watu? Dada Jacqueline, ambaye ndiye mwenyekiti, akakata shauri: majaribio Alhamisi. Kibo likisumbua tena, Haika apande Mercedes. Haika mwenyewe akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba anataka baba mdogo ampeleke, ila gauni ni jeupe na hataki vituko.

Vituko gani? Atashangaa.

Jumanne, 2 Juni

Asubuhi Thornton Heath, kwa Pravin muuza spea. Kazaliwa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Humphrey. Akaingia chini ya Kibo, akatoka anacheka. Akanieleza kwamba ukiinua gari lazima uongeze na urefu wa stopa, zile raba mbili nene chini ya chasisi ambazo ekseli ikipanda inazigonga na kuishia hapo. Mimi nimeinua gari, stopa nimeziacha fupi vilevile. Ndiyo maana tairi zinapanda hadi kwenye bodi.

Akasema ataagiza ndefu, zifike Ijumaa. Ijumaa! Majaribio Alhamisi! Akashauri niiombe kamati isogeze siku. Yaani nikamwombe Humphrey? Thubutu! Nikamwambia nitatengeneza mwenyewe. Akasema sawa, lakini kitu chochote nitakachoweka kiwe laini, na kisijaze nafasi yote. Kisha akaendelea kuniambia mengine, nikawa nimeshawasha gari.

Mchana, jikoni, nikauona. Mchi! Mama mkwe aliuleta kutoka Rombo ndani ya sanduku, kaufunga na kitenge, akaacha nguo zake ili kilo zitoshe. Upana sawasawa na stopa. Umetwanga miaka thelathini bila ufa. Ni raba gani itajisifu hivyo? Restuta, mke wangu, alikuwa kazini wodini. Msumeno ninao.

Vipande viwili, safi kabisa. Kipande cha mchi kilichobaki nimekificha kabatini, nyuma ya taulo.

Jumatano, 3 Juni

Nimefunga stopa zangu, kule nyuma. Raba za zamani nimezitupa, hazikuacha nafasi. Sasa nafasi imejaa yote, barabara!

Nimezunguka mtaa mzima. Tairi hazigusi bodi hata kidogo. Meno yanagongana kwenye kila tuta, lakini hiyo ndiyo dalili ya gari imara.

Jioni Restuta kaulizia mchi. Ijumaa anatwanga viungo vya pilau ya watu mia mbili. Nikamshauri atumie blenda. Akauliza, pilau ya harusi ya Haika, blenda? Akanitazama lile jicho lake. Nikasema Humphrey alipita hapa jana, labda kaazima. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Basi, najua.

Restuta akachukua simu. Nikaenda kuangalia maji ya Kibo.

Alhamisi, 4 Juni

Siku ya majaribio. Dada Jacqueline na shangazi wengine wawili wa Haika nyuma, vilemba vimesimama. Humphrey mbele pembeni yangu, kanuna. Simu ya Restuta ilikuwa imemkoroga.

Tuta la kwanza. Hakuna msuguo! Nikapiga honi ya ushindi. Ila chini pakalia ngo! Kina mama wakaruka wote kwa pamoja, na kilemba cha dada kikagota kwenye paa. Tuta la pili, kilemba kikamfunika macho. La tatu, mmoja akaanza kusali rozari. Nikawaambia kwa sauti kwamba sikieni, hamna msuguo! Dada akaniambia niegeshe. Akasema kiuno chake amekitunza miaka sitini na mbili, hatakizika Thamesmead.

Kumbe balaa lilikuwa bado. Humphrey kainama kuchungulia chini, akanusa. Akauliza mbona chasisi inanukia karafuu. Akawasha tochi ya simu. Akaona nakshi, zile pete tatu zilizochongwa, ambazo Restuta alimwelezea jana neno kwa neno wakati anamwita mwizi. Nilitegemea angepiga kelele. Wapi! Alipiga picha tu, akamtumia Restuta.

Kamati imeamua. Haika atapanda Mercedes.

Nimekaa garini peke yangu muda mrefu. Nilimwahidi Justin. Inaniuma, na sioni aibu kuandika kwamba inaniuma.

Ijumaa, 5 Juni

Restuta hajafoka. Ni vibaya zaidi. Kaleta kinu, kaleta gunzi lile la mchi lililobaki, kaleta karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga za watu mia mbili. Akasema nitwange. Gunzi lenyewe refu kama hindi. Nimetwanga nimepiga magoti tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Mkono wa kulia sina.

Pravin kapiga kusema stopa zimefika. Alikuwa amepima siku ile wakati mimi nabishana, akaagiza bila kuniuliza. Nimemwambia azilete ajuavyo, mimi nina kazi.

Jumamosi, 6 Juni

Nikavaa suti. Nikakaa ngazini, Kibo limeegeshwa, vipande vya mchi nimeshavitoa, nyuma halina stopa hata moja, halifai kubeba hata sufuria. Nikaamua nitakwenda Woolwich na basi, kichwa juu, nionwe.

Mercedes ikasimama mbele yangu. Kioo kikashuka. Haika, na shela lake, akaniambia kwa Kiswahili, mtoto ambaye hajawahi kunijibu Kiswahili tangu azaliwe, ingia baba mdogo. Nikamwambia gari si langu. Akasema baba yake alinitaja mimi, hakutaja gari.

Niliingia. Nililia mpaka Woolwich. Humphrey alinipitishia tishu juu ya bega bila kugeuka, na kwa hilo namshukuru. Nikamshika Haika mkono mpaka mlangoni mwa kanisa. Justin, nimempeleka.

Lakini pale Plumstead, kwenye tuta, Mercedes ilikwaruza tumbo. Krrr! Niliisikia. Nikanyamaza kwa heshima ya bibi harusi. Ukumbini nikawaeleza meza zote.

Pilau ilisifiwa. Dada Jacqueline aliongeza mara mbili. Sasa blenda ingeweza?

Jumapili, 7 Juni

Nimetafakari. Kosa halikuwa mchi. Kosa lilikuwa kuweka nyuma peke yake. Gari likiwa gumu nyuma na laini mbele, lazima abiria waruke. Ukilifanya gumu kote, litakwenda sawa.

Boksi la Pravin liko mlangoni. Sijalifungua, na silifungui. Zimepimwa na mtu mwingine.

Nimemtumia Humphrey ujumbe kwamba Mercedes yake iko chini mno, naweza kumwinulia. Hajajibu. Anafikiria.

Restuta alikuwa kwenye simu na Rombo mchana kutwa. Mama mkwe amekubali kutuma mchi mpya. Nikamnong'oneza Restuta amwombe mama achague mrefu, unaotoa vipande vinne.